Kanga Yangu Ndani ya Gobore

Baba Emanueli,

Huna aibu. Mvua za vuli zimekuja zimeondoka, za masika zimeanza, na hujanitokea ndotoni hata mara moja. Paskalina, jirani yetu wa shamba la juu, anasema umemjia mara mbili, umevaa lile koti lako la kijani, ukamuuliza habari za mahindi. Mahindi ya nani? Anayeandika hapa ni mjukuu wako Neema. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Nikuambie ya huku. Polisi walituita wakasema kibali cha gobore kilikuwa cha jina lako, sasa umekufa, basi lipelekwe kituoni, na lifike likiwa tupu. Nikalitazama pale ukutani. Nitajuaje kama lina kitu tumboni? Nimeishi na dubwana hilo nyumba moja tangu Emanueli anatambaa, sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi. Ulikuwa unajifungia stoo na sanduku lako la bati, unaniambia, "Kaa huko, mama, unanuka moto wa jiko, baruti haikutaki." Nami namsikia mke mwenzangu wa chuma akipakwa mafuta humo ndani. Visigino vyangu vimepasuka, hakuna aliyeviona.

Ukasema kujijazia baruti nyumbani ni nafuu. Nafuu ipi? Ulianza na baruti, zikafuata fataki, zikafuata risasi, likafuata sanduku, likafuata kufuli la sanduku. Mbuzi wangu mwekundu niliyepewa na mama yangu alikwenda mnadani Karatu, akarudi akiwa kopo la baruti. Nguruwe wa msituni wakasikia mlio mmoja, kesho yake wakarudi kula.

Basi nikaulizia mtu wa kukitoa hicho kilichomo. Akaja Paskalina. Akamwagia maji jiko langu, akatufukuza sote mpaka kwenye zizi, akalipeleka gobore uani. Akaingiza ule ufito wako wa kushindilia kwenye mtutu, akatazama alama yake ilipokomea, akasema, "Limejaa." Mkono wake unaijua njia, Baba Emanueli. Nikasimama kwenye zizi langu mwenyewe nikimwangalia mwanamke mwingine akijua kitu chako nisichokijua mimi. Ningekuwa na mwiko mkononi ningemtupia.

Kisha akavuta nje kile kitambaa kinachoshindiliwa juu ya baruti. Cha bluu, chenye korosho.

Kanga yangu. Ile niliyompigia kelele Paskalina mbele ya akina mama wa jumuiya, kwamba ameianua kwenye kamba yangu. Tangu siku ile hatukuombana chumvi, na wewe uko katikati yetu, kimya, unaichana vipande vipande stoo.

Alikishika tu kile kitambaa. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini alifundishwa yeye. Akanijibu kwamba shamba lake ndilo linalopakana na msitu, hana mume, na siku ulipomfundisha ulimwambia hivi: "Yule wangu nikimfundisha atawafuata nguruwe mpaka msituni, peke yake, haogopi kitu. Na mimi bila yeye nyumba hii siiwezi."

Nililia. Nikanyamaza, nikakasirika upya. Maneno kama hayo akapewa Paskalina. Mimi miaka yote nimeulizwa kama ugali umeiva.

Gobore limekwenda. Shamba tunalilinda kwa debe na mbwa, mimi na yeye kwa zamu. Nimemwomba msamaha, tena mbele ya akina mama wale wale, naye amenisamehe, ingawa alicheka kupita kiasi. Nakuahidi mlango wangu hautafungwa tena kwa ajili yake, na chumvi atapata. Wivu siahidi kitu.

Lala, mzee wangu. Na ukija tena, shamba la juu usilikanyage. Njoo kwangu kwanza, kaa kwenye kigoda chako, yale uliyomwambia Paskalina uyarudie polepole, mimi nikiwa nasikia.