Fuwele Kati ya Almasi Mbili

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefika maabara nimelowa, treni kutoka Woolwich imechelewa tena. Fuwele ile ile, ndogo kuliko chembe ya chumvi, imebanwa katikati ya ncha za almasi mbili. Nakaza skrubu, namulika kipande cha rubi kusoma shinikizo, napiga eksirei. Madoa kwenye picha yanaonyesha atomu zimekaa vile vile. Hesabu zangu zinasema zingekuwa zimeshajipanga upya zamani. Kaboni ya kwenye penseli ikibanwa vya kutosha huwa almasi. Hii yangu haitaki kuwa chochote. Kaidi!

Jumanne, 4 Novemba
Nimekaza kwa pupa. Almasi moja imepasuka. Mlio mdogo tu, tik, basi. Nimelia chooni. Profesa hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Amenipa jaribio moja la mwisho. Fuwele isipobadilika kufikia Jumatatu, tunaachana nayo, nitafute mada nyingine. Mwaka wa tatu wa uzamivu huu, nianze moja?

Alhamisi, 6 Novemba
Almasi mpya, fuwele mpya. Nimepanda polepole hadi shinikizo lile lile. Hakuna kitu. Nitashinda humu wikiendi nzima nikikaza.

Ijumaa, 7 Novemba
Shangazi Modesta kapiga simu. Kesho sendofu ya binti yake Neema, na mimi ni kamati ya chakula. Nilisahau kabisa. Nikamwambia kuna jiwe naliangalia. Akauliza, kwani hako kajiwe kanaolewa? Akishafika hapo hakuna rufaa. Nimeacha chombo kimebanwa, skrubu sijazigusa. Nina hasira, jamani.

Jumapili, 9 Novemba
Jana ukumbini: sare za kitenge cha njano, vigelegele mpaka jirani wa Kizungu akaja kuchungulia, akapewa sahani ya pilau. Nimekaanga maandazi tangu asubuhi. Neema kalia, mama yake kalia, nami nikalia. Nusu ya machozi yangu yalikuwa ya fuwele. Leo miguu imevimba. Naiogopa kesho.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimepiga eksirei hata koti sijavua. Madoa kwenye picha yamehama! Nikadhani nimekosea. Nikapiga tena. Yamehama kweli. Shinikizo ni lile lile la Alhamisi, kilichokosekana ni muda tu. Kumbe siku zote nilikuwa nakaza na kupasua kabla atomu hazijamaliza kujipanga. Nimepiga kigelegele. Profesa kaja mbio akidhani nimeungua. Akaangalia picha, akavuta kiti, akakaa. Tunaendelea nayo, kasema. Ila tuone ikiachiliwa itakuwaje.

Jumatano, 12 Novemba
Nje giza limeingia mapema. Nalegeza skrubu kidogo, nakwenda kunywa chai, narudi, nalegeza tena. Sina haraka. Mwishowe nimefungua chombo chote. Hakuna kinachoibana sasa.
Nimepiga picha ya mwisho. Fuwele haijarudi ilivyokuwa.
Nimemtumia Shangazi ile picha ya madoa, ingawa najua haimwambii kitu. Kajibu: hongera mwanangu, kajiwe kameolewa.