Chokaa ya Bwawa la Samaki

Mwalimu Shee,

Mimi Wafula, miaka sabini na moja, nimezika ndugu zangu wote wanne na nimemaliza mahedimasta watatu hapa shuleni. Wewe sikupanga kukuzika. Ulikuja kijana kutoka Mombasa na cheti chako, halafu homa ya wiki moja tu. Kalamu inanisumbua, lakini barua hii naandika mwenyewe. Hakuna mtunza bustani mwingine Kitisuru yote anayeweza.

Nakupa habari za bwawa, lile ulilochimba na standadi siksi mfuge samaki wa mto, ili watoto wajue mto unaishi vipi.

Ulipozikwa tu, hedimasta alinipa koleo. "Wafula, fukia hilo shimo, panda waridi." Akasema mbele ya walimu kwamba samaki wa kwanza walikufa kwa uzembe wako, na ameandika hivyo kwa kitabu ya shule.

Wewe na mimi tunajua si hivyo. Mwaka jana inspekta alikuwa anakuja, na wewe uko Mombasa kwa matanga ya baba yako. Nikapaka chokaa kama kawaida: mawe ya njia, miti, mlingoti wa bendera. Nikaona bwawa limebaki peke yake, ukuta kijani kijani kama limetupwa. Nikapunguza maji, nikasugua, nikapaka ndani mpaka maji yalipofika, nikajaza tena. Liling'aa! Nikamwita Mama Akinyi wa jikoni, nikamwambia hata Ikulu hawana bwawa kama hii. Asubuhi samaki wote matumbo juu.

Uliporudi ukaingia kwa hedimasta, ukasema kosa ni lako. Kwangu ukasema, "Mzee, nyamaza. Mimi watanigombeza. Wewe watakufukuza." Nikanyamaza. Mwaka mzima, mimi ambaye hata kanisani wananinyamazisha.

Safari hii nimekataa. Walimu wote wakisikia, nilimwambia hedimasta: "Chokaa nilipaka mimi. Nifukuze ukitaka, lakini jina la Mwalimu litoe kwa hiyo kitabu."

Akacheka. "Tangu lini chokaa ikaua samaki?"

"Nipe muhula mmoja nikuonyeshe."

Watoto wako wa darasa wakanisaidia kukwangua ukuta. Tukajaza maji ya mto kwa ndoo, nami nikataka kumwaga samaki wote mara moja. Yule Nyokabi, uliyemfundisha kugeuza mawe ya mto kutafuta wadudu, akanishika mkono kama mimi ni babu yake. "Guka, ngoja! Tia wawili kwanza." Msichana wa miaka kumi na mbili ananiamrisha! Wakafa wote wawili. Tukamwaga maji, tukakwangua tena. Wakafa tena. Hapo hedimasta aliacha kucheka. Mara ya tatu, chokaa imeisha ukutani, wakaishi, Mwalimu. Sasa wako na watoto wembamba kama sindano, wamezaliwa hapo hapo.

Na kila Ijumaa darasa linashuka mtoni na mikebe. Huku juu wanapata wadudu wengi. Chini ya machinjio, hakuna hata mmoja. Wanataka kumwandikia diwani, machinjio yaache kumwaga uchafu mtoni. Nimewaambia andikeni, mimi nitapeleka kwa mkono na sitatoka mlangoni kwake mpaka asome.

Jumatatu hedimasta aliinama kando ya bwawa, akahesabu hao samaki wadogo. Kisha akaleta kitabu, akakata jina lako, akaandika langu. "Mzee," akasema, "hata kosa unataka liwe lako peke yako?"

Nikamwambia ndio, hilo ni langu.

Basi pumzika, Mwalimu. Nikiwa bado na magoti ya kuinama, hakuna mtu atafukia hapa, na chokaa itaishia kwa mawe ya njia.

Kama unafikiri najisifu tena, Mama Akinyi aliona jina likikatwa. Hedimasta mwenyewe saini yake iko pale. Na yuko Nyokabi, ndiye alinisomea huo ukurasa, maana mwandiko mdogo wa hedimasta macho yangu hayauwezi. Nilimwambia asome mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini kama jina lako limetoka.