Nyegere Aliyepiga Makofi

Dar es Salaam,
11 Machi 1974

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama mfikishie shikamoo yake. Mimi homa iliyonilaza mwezi uliopita imeniachia na sasa nakula chakula kikaisha. Ninachohofia ni kifua chako, maana najua mvua za Ufipa hazijakatika na wewe husikii ukiambiwa uvae koti.

Baba, nimehamishwa. Sipigi tena taipu. Nimepelekwa chumba cha sinema. Nchi rafiki hutuletea filamu, na nyingine ni katuni, yaani picha za kuchora ambazo zinatembea na kusema kama watu. Kabla hazijapelekwa vijijini kwa gari la sinema, kamati inazitazama. Kisichotufaa tunakikata kwa mkasi, vipande tunavigandisha kwa gundi, halafu sauti ya kigeni inatolewa na sisi tunaweka Kiswahili chetu.

Ya sasa imetoka Ulaya ya Mashariki. Ni habari za mnyama mmoja mzee anayeishi peke yake kwenye shimo lake kilimani, wenzake wamejenga kijiji bondeni. Mnyama mwenyewe ni wa huko kwao, hapa hatuna, kwa hiyo kamati imesema aitwe Nyegere. Sauti ya Nyegere nimeifanya mimi. Watu wa ofisini wamecheka mpaka wakashika mbavu, na mkuu wetu amesema hajawahi kusikia mzee akiigizwa vile.

Nimesikia na huko mmeambiwa mhamie kijiji kipya cha barabarani. Baba, nenda tu. Kuna shule, kuna zahanati. Dada Josefina na wanawe wameshahamia, utakaa karibu na wajukuu.

Mwanao,
Leonsi


Kaengesa,
2 Mei 1974

Mwanangu Leonsi,

Marahaba, tena marahaba. Mama yako anasema homa hiyo umeipata kwa kula wali wa hotelini. Kifua changu kipo, hakijaenda popote, na koti uliloninunulia nalivaa Jumapili.

Kuhusu kuhama. Wakubwa walikuja kunitembelea. Nikatoka, nikachuchumaa, nikawapigia makofi kama mgeni yeyote anavyopigiwa kwetu tangu enzi za babu. Hakuna aliyeitikia. Mmoja akaniuliza, "Mzee, unaomba nini?" Nikamwambia siombi kitu, nakukaribisha. Basi wakaanza kunisomea amri ya kuhama. Nikawaambia matuta haya nimefukia majani tangu mwanangu hajazaliwa, udongo wa kilimani umekuwa mweusi kama masizi, na huko barabarani mnakonipeleka ni changarawe. Nikawaambia neno langu la siku zote, tutaonana kwenye njaa. Wakasema mkataa wengi ni mchawi. Mimi, niliyefundisha watoto wao katekisimu.

Walirudi na vijana wa mgambo wakang'oa mlango. Nimening'iniza mkeka. Upepo unaingia, lakini na mimi bado nimo.

Sasa tuache hayo. Habari ya sinema imenifurahisha mno. Nimemweleza Padre, nimemweleza Adolfu wa mashine ya kusaga, na wote walioshukia kijiji kipya wamesikia kwamba mwanangu anasema ndani ya sinema ya serikali. Gari likifika huku nitakaa mbele kabisa. Sijawahi kuona mnyama wa kuchora akisema, na huyo wa kwanza awe ametoka nyumbani kwangu.

Baba yako,
Oswaldi


Dar es Salaam,
19 Julai 1974

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Julai haijawazidi. Mimi mzima.

Naandika kwa haraka. Gari la sinema nililodhani litaishia mikoa ya pwani, limepangiwa Rukwa pia, mwezi wa nane. Nakuomba Baba usiende. Ni picha ya watoto. Watu watakaa nje kwenye umande na kifua chako hakiwezi. Mama naye asiende. Nikija likizo nitakusimulia yote vizuri kuliko hiyo sinema yenyewe.

Tafadhali usipuuze.

Mwanao,
Leonsi


Kijiji kipya, barabara ya Kaengesa,
8 Septemba 1974

Leonsi,

Tu wazima. Wewe nawe uwe mzima.

Nilikwenda. Barua yako ilinikuta nimeshaalika watu, na mtu hawezi kualika watu halafu yeye akabaki nyumbani. Walitundika shuka kwenye ukuta wa ghala, jenereta likawashwa, mimi na mama yako tukapewa benchi la mbele kwa heshima yako.

Nyegere alipofungua mdomo nilicheka. Hilo nataka ulijue. Nilicheka kabla ya wengine, nikamwambia mama yako, huyu mzee namfahamu, ni nani vile? Halafu akakohoa. Kikohozi changu, Leonsi, na ile pumzi ninayovuta baada yake. Akasema Kiswahili chenye Kifipa ndani, kile ulichokuwa unanicheka nacho ulipotoka sekondari. Akawaambia wenzake tutaonana kwenye njaa. Hapo watu wote wakageuka kuniangalia, maana nilishawaambia sauti hiyo ni ya mwanangu. Mama yako akaangalia chini.

Ningevumilia hayo. Mzee kuigizwa na mwanawe si ajabu, watoto wote wanafanya hivyo jikoni. Lakini mwishoni yule mnyama akatoka shimoni, akachuchumaa mbele ya wenzake, akapiga makofi kwa adabu zetu, na kwa sauti yangu akasema, "Nilikuwa mpumbavu, naomba mnipokee." Nyuma yangu watu wakaanza kupiga makofi namna ile ile huku wakicheka. Josefina alikuwapo na wanawe. Mjukuu wangu mdogo naye alipiga, hakujua.

Tangu siku ile naitwa Nyegere. Nikichuchumaa kumsalimia mtu, anacheka kabla sijaunganisha viganja. Nimeacha kusalimia hivyo. Natoa mkono kama karani.

Na kilimani nimehama. Ningebaki kule kila mtoto angepita chini akinipigia makofi. Mgambo walichukua mlango wakashindwa kunichukua mimi. Wewe umenichukua ukiwa umekaa Dar es Salaam.

Baba yako,
Oswaldi


Dar es Salaam,
30 Septemba 1974

Kwa Baba yangu, na Mama yangu,

Shikamooni. Sina uso wa kuwaulizia hali, lakini nawaulizia.

Baba, nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Sikukusudia kukudhihaki. Niliambiwa nitafute sauti ya mzee mkaidi, nikafungua mdomo, ukatoka wewe. Wenzangu walipocheka nikaona raha nikaongeza kikohozi. Huko nyuma nilijitetea kwamba filamu haitafika Ufipa. Sasa najua kwamba hata isingefika, ingekuwa ni kosa lile lile.

Kuna kibaya zaidi na ni lazima ukisikie kwangu. Mwisho uliouona si mwisho wa filamu. Katika filamu yenyewe mvua kubwa inanyesha, mto unakibeba kile kijiji cha bondeni, na wanyama wote wanakimbilia kilimani. Nyegere anawafungulia. Anachuchumaa mlangoni na kupiga makofi kwa furaha kwamba amepata wageni. Wanaingia wote mpaka shimo linajaa, na filamu inaishia hapo. Kamati ilisema mafuriko yakatwe, kwa kuwa yanamsifu anayekaa peke yake. Hayo ni yao. Lakini filamu ikabaki haina mwisho, na mimi ndiye niliyesema yale makofi yasitupwe. Nikayatoa mlangoni kwake nikayagandisha kwenye uwanja wa kijiji, nikaweka maneno ya kuomba radhi. Makofi ya kukaribisha nimeyafanya ya kuomba. Mzungu aliyemchora hakuijua mila yetu, alichora tu mnyama aliyefurahi. Mimi niliijua.

Na wiki hii imekuja taarifa kutoka huko. Mkuu aliisoma mbele ya ofisi nzima. Inasema kwamba mzee mmoja wa Kaengesa aliyewashinda viongozi wote alihama baada ya kuiona sinema yetu. Wakanipongeza, wakanipa mikono. Nikatabasamu. Sikuwaambia kwamba mzee huyo ni Baba yangu.

Nisamehe. Krismasi nitakuja niwaeleze watu mwisho wa kweli, mmoja mmoja ikibidi.

Mwanao,
Leonsi


Kijiji kipya, barabara ya Kaengesa,
1 Desemba 1974

Leonsi,

Sisi tupo. Mama yako aliugua macho kwa vumbi la barabarani, sasa ana nafuu.

Barua yako niliisoma mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Halafu nikawasomea watu. Siku ya shamba la pamoja, wakati wa kupumzika, nikasimama nikasema sinema mliyoiona ilikatwa, mwisho wake ni huu. Nikawasomea mafuriko, nikawasomea Nyegere kufungua mlango. Wakasikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Adolfu akasema, "Mzee, sisi tuliona kwa macho." Wala hakusema kwa ubaya. Kwa hiyo usijisumbue kuja kuwaeleza mmoja mmoja. Umefanya kazi yako vizuri mno, haifutiki kwa mdomo.

Kuhusu ile sauti nimekusamehe. Hata makofi nimekusamehe, ingawa hilo nimelifanya kwa kujilazimisha, na Padre anasema linahesabika vilevile.

Lakini umeniandikia kwamba walisoma habari za mzee wa Kaengesa, ukapewa mikono, ukanyamaza. Hapo ndipo ninapokwama. Watu wa huku wananicheka, lakini wote wanajua Leonsi ni mtoto wa nani, maana mimi nilitembea nyumba kwa nyumba kuwaambia. Nilikuwa najivunia wewe hadharani. Wewe ulipofika wakati wa kusema mimi ni nani, ulitabasamu.

Nenda kawaambie. Ukishawaambia, niandikie. Kabla ya hapo, usiniandikie.

Baba yako,
Oswaldi


Dar es Salaam,
17 Februari 1975

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Macho ya Mama yanaendeleaje? Nimemtumia dawa kwa mkono wa Ignasi, dereva wa lori la Sumbawanga.

Nimechelewa kwa sababu niliogopa. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nilirudi chumbani nikiwa nimenyamaza. Sitakudanganya kwamba kulikuwa na sababu nyingine.

Jana walitukusanya kutazama katuni mpya. Ina bibi kizee anayeficha mbegu, na mkuu akasema Leonsi atatufanyia sauti, kama alivyotufanyia ile ya Nyegere. Nikasimama. Nilitaka kuyasema kwa utulivu, kwa Kiswahili cha ofisini, lakini nikakohoa, na maneno yakatoka kama unavyosema wewe. Nikasema, yule mzee wa Kaengesa ni baba yangu mzazi.

Wakacheka, Baba. Walidhani nimeanza kuigiza. Mmoja akapiga makofi, akasema, huyu kijana ana kipaji.

Nikarudia. Nikataja jina lako, nikataja kilima chetu, nikataja kwamba ulimfundisha kusoma huyu anayewachekesha. Wakaendelea kucheka, halafu wachache, halafu mmoja tu. Nikaendelea kusema kwa sauti yako mpaka na huyo akanyamaza.

Mwanao,
Leonsi wa Oswaldi