Mungu Amfungulie Lango

Mama Yangi, Emilio amerudi! Yule mkwewe Teresina, aliyepanda boda peke yake mapigano yalipofika hapa mtaani kwetu Munuki, akamwacha mkewe Gune na mimba kubwa.

Amekuja bila wajomba, bila mzee hata mmoja. Mkwe mzima anasimama uso kwa uso na mama mkwe wake, anadai mke na mtoto!

Na alivyosema! "Mama, si mimi niliyekimbia. Mungu mwenye nguvu zote ndiye aliyenipeleka Uganda."

Si yeye! Ati si yeye aliyekimbia!

Teresina, aliyemzalisha bintiye sakafuni huku risasi zikilia, hakupandisha sauti.
"Na boda, aliiendesha Mungu?"
"Mama, binadamu hana hiari mbele ya mapenzi yake."

Teresina akafunga lango, akamkabidhi ufunguo Gune, aliyekuwa uani akimwogesha mtoto.
"Basi subiri hapo nje, bwana. Mwenye nguvu zote akitaka uingie, hatahitaji ufunguo wetu."

Gune akautazama ule ufunguo kwa muda. Kisha akautia kifuani, akaendelea kumwogesha mtoto.

Emilio bado yuko nje, anasali kwa sauti kubwa. Lango halijafunguka.