Uso wa Konatsu

Isokawa, 24 Mei 2011

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. U hali gani huko Kurayoshi? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Mimi sijambo, ila mgongo unauma na mikono imechubuka kwa maji baridi. Ningekupigia simu, lakini najua ungeishia kusema "Eeh? Eeh?" mpaka jirani aje kukusikilizia, kwa hiyo naandika.

Utashangaa kuona anwani. Mwanzoni mwa Aprili niliachishwa kazi kule Osaka. Sikukuambia kwa sababu niliona aibu. Nilijifungia chumbani wiki kadhaa nikitazama habari za tsunami, siku moja nikafunga mkoba nikapanda basi la watu wa kujitolea. Sitaki kujisifu. Nilikuja kwa kuwa asubuhi sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliwaambia nitakaa siku kumi, na leo ni ya ishirini na mbili.

Tuko kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, huku mlimani ambako maji hayakufika. Wanajeshi wakichambua vifusi hutuletea kila picha wanayoiokota, magunia kwa magunia. Tunazitoa tope, tunaziosha, tunazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Watu huja kuzunguka kwenye kamba wakitafuta nyuso zao. Kiongozi wetu ni mzee Kanno, aliyekuwa mpeleka barua wa hapa. Nilipojiandikisha aliniuliza najua kazi gani, nikasema baba yangu ana studio ya picha. Akapiga makofi: "Jamani, tumeletewa fundi!" Nami sikumsahihisha. Sasa kila picha mbovu huletwa kwangu. Baba, sijui chochote. Tangu Mama afariki ulifunga chumba cha giza ulimosafishia picha, sikuwahi kuingia tena.

Kuna mama mmoja hapa, dada Sumie. Kila siku saa sita hutuletea supu ya miso, ile ya soya, katika sufuria kubwa, yeye asiye na nyumba, analala darasani pamoja na familia nyingine nne. Hunitania: "Kula, mdogo wangu, mikono yenyewe kama vijiti vya kulia!" Mwanawe Konatsu, wa miaka sita, alichukuliwa na maji pamoja na bibi yake, na hadi leo hajapatikana. Albamu zimekwenda, simu imekwenda, chekechea pia imekwenda na kila kilichokuwa ukutani. Picha pekee iliyobaki ni ya jirani, ya siku ya michezo, na humo mtoto amegeuka. Tarehe 18 Juni itatimia siku ya mia, na dada Sumie ameamua kufanya mazishi hivyo hivyo bila mwili. Lakini kwenye meza ya ubani panatakiwa picha. "Siwezi kukifukizia ubani kisogo," aliniambia, akacheka, kisha akaenda kuosha sufuria.

Ninataka nimpatie picha ya huyo mtoto, Baba. Sijawahi kutaka kitu hivi. Nifundishe kazi yako.

Binti yako,
Wakana


Kurayoshi, 29 Mei 2011

Mwanangu Wakana,

Barua yako ilifika jana. Nashukuru kwamba u mzima. Goti ni lile lile, usiliulizie tena, litajiona muhimu. Kuhusu kazi, ungeniambia. Ningekufokea siku moja tukayamaliza.

Nimecheka peke yangu dukani. Wewe uliyekuwa ukiacha bakuli la wali siku tatu bila kuliosha, leo unaosha picha za watu! Wewe uliyesema kazi yangu inanuka siki! Haya, vuta kiti usikilize.

Kabla ya maji, ipige picha ile picha. Kila moja, hata ukiona ni nzima. Rangi imekaa ndani ya utando laini juu ya karatasi, na vijidudu vya topeni hula huo utando. Kwa macho utaona picha nzima, kumbe chini hakuna kinachoishikilia. Maji yawe baridi. Anzia pembeni uje katikati, uso uwe wa mwisho. Ukiona rangi zimeyeyuka na kuingiliana, manjano na nyekundu, acha hapo hapo. Usitie maji kabisa. Acha tope likauke, ulipanguse kwa brashi, basi. Mtu aliyefiwa hatajali tope kidogo.

Na usiharakishe. Nakujua wewe.

Nimekutumia brashi zangu sita. Ni za manyoya ya mbuzi, ole wako uzitumie kwa viatu. Msalimie huyo dada wa supu. Mwambie baba wa fundi anamshukuru kwa kukulisha.

Baba


Isokawa, 10 Juni 2011

Baba,

Natumai mvua za Juni hazijakusumbua. Mimi mwili sijambo. Mengine si mazuri, kaa chini kwanza ndipo usome.

Nimempata Konatsu. Ilikuwa juzi, saa tano asubuhi, katika albamu iliyogandamana kurasa zote. Ni picha ya sherehe ya miaka mitatu, hekaluni. Dada Sumie amesimama kwenye ngazi amembeba mtoto mwenye kimono cha manjano. Dada Sumie nilimjua kwa meno yake, yale yanayoonekana yote akicheka. Mtoto alikuwa na tope shavuni, na ukingoni rangi zilikuwa zimeanza kuyeyuka, manjano na nyekundu, kama ulivyosema.

Baba, barua yako ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Naikumbuka neno kwa neno. Lakini kamera alikuwa nayo mzee Kanno upande wa pili wa ukumbi, na watu wamepanga foleni mbele yake, na saa sita ilikuwa inakaribia. Nilitaka dada Sumie akiingia na sufuria yake aikute safi, tayari. Nilitaka niwe mimi ninayempa. Nikaitia majini. Nikapitisha kidole gumba shavuni, kidogo tu, na uso wote ukahama. Unajua utando wa maziwa unavyonata kidoleni? Ndivyo ulivyotoka. Pakabaki weupe juu ya kimono. Nikatazama kidole changu, kina rangi, na maji yakaichukua hiyo nayo.

Hakuna aliyeona. Niliikausha kwa taulo nikaificha ndani ya daftari. Saa sita akaingia: "Haya walafi, sogeeni! Leo mwani ni wa baharini kweli, si yale majani ya pakiti!" Aliponifikia akainama: "Leo pia hamna?" Nikamjibu, "Leo pia hamna, dada." Akanipakulia. Nilikula hadi mwisho, Baba, na nikasema asante.

Picha iko ndani ya bahasha hii. Wewe ulikuwa ukitengeneza picha za mababu zilizoliwa na mende. Mrudishie uso, nakuomba. Kama haiwezekani, nitapanda basi niondoke, naye hatajua kamwe. Si afadhali aamini kwamba maji yalichukua zote? Nijibu haraka, zimebaki siku nane.

Binti yako,
Wakana


Kurayoshi, 13 Juni 2011

Mwanangu,

Salamu tutapeana siku nyingine. Picha imekaa chini ya lenzi yangu asubuhi nzima. Hakuna kitu. Ningeweza kuchora uso, nimewahi kuwachorea watu nyusi na macho, lakini ningekuwa nachora mtoto nisiyemjua, na mama yake angetambua kwa kutazama mara moja. Nairudisha kwa posta ya haraka pamoja na barua hii.

Unauliza kama si afadhali asijue. Mimi ndiye mtu mbaya kuliko wote wa kuulizwa jambo hilo, lakini umeuliza.

Unaikumbuka kamera ya Mama? Agosti ile mlikwenda pwani wawili, siku mbili. Wiki tatu baadaye akaanguka jikoni, akafa. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuambia kamera ilikuwa tupu, kwamba Mama alisahau kuweka filamu. Hakusahau. Filamu ilikuwemo, picha thelathini na sita, zote alizipiga. Siku moja kabla ya mazishi niliingia nayo chumba cha giza, nilitaka picha ya kuweka mezani. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka ishirini. Nikafungua kopo la kusafishia filamu kabla ya wakati huku taa inawaka, kwa sababu nilitaka kumwona. Mwanga uliiunguza, filamu ikatoka nyeusi, mwanzo hadi mwisho. Ukaja mlangoni ukauliza, "Zimetoka, Baba?" Uongo ukanitoka kabla sijaufikiria.

Baadaye nikauzoea. Ukakua ukisema, "Mimi si kama Mama, mimi hukagua mara tatu." Ulisema hivyo mbele ya wageni, wakacheka, nami nikacheka nao. Miaka kumi na saba nimemwachia marehemu kosa langu. Chumba nilikifunga kwa ajili ya hilo, si kwa huzuni kama mlivyodhani.

Mwambie, na mwambie kabla ya mazishi. Pengine atakuchukia. Lakini ukiondoka kimya, atakuwa anakuja kila siku kuzunguka kwenye kamba, akitafuta kitu ambacho wewe unajua hakipo. Hilo ni baya kuliko kidole chako.

Sijui kama utaniandikia tena.

Baba


Isokawa, 20 Juni 2011

Baba,

Nimekaa na barua yako siku nne. Natumai u mzima. Hali yangu sijui niieleze vipi.

Nilimwambia tarehe 17, nyuma ya ukumbi, akiosha sufuria. Nilipiga magoti kwenye changarawe, nikaiweka picha mbele yake kwa mikono miwili, nikasema yote huku paji la uso liko chini.

"Inuka, utachafuka," akasema. Nilipoinuka alikuwa ameishika picha. "Umeipata lini?"

"Tarehe nane."

Akahesabu kwa vidole vyenye povu. "Siku tisa umekula supu yangu."

"Ndiyo, dada."

"Bahari ilikomba kila kitu, ikanibakizia huyu mmoja. Ukaja wewe kutoka Osaka."

Alitazama picha, kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Ulimwona?"

"Nani, dada?"

"Mwanangu! Kabla hujamfuta! Ulimwona usoni?"

"Nilimwona."

"Haya, niambie."

Nikamwambia. Kwamba alikuwa amenuna. Kwamba shavu la kushoto lilikuwa limevimba kana kwamba ana kitu mdomoni. Kwamba macho hayakutazama kamera, yalitazama chini, upande wa ngazi.

"Peremende!" akasema. "Mpiga picha alimwambia aiteme, akagoma. Na pale chini palikuwa na njiwa." Akacheka, Baba, alicheka kweli, kisha kicheko kikakatika akalia ameinamia sufuria. "Niambie tena." Nikamwambia tena. Nilimwambia mara tatu. Ya nne nikaanza kuchanganya, nikasema habari za njiwa kana kwamba nilimwona mimi. Akanitazama. "Usiongeze," akasema. Akapangusa mikono. "Kesho mazishini usije."

Sikwenda. Kengele ya hekalu niliisikia nikiosha picha kwenye karai. Mzee Kanno ananiambia mezani dada Sumie aliweka ile ile picha, kimono bila uso, na watu hawakujua watazame wapi.

Jana alileta supu kama kawaida. Alimpakulia kila mtu. Bakuli langu alilipita, hakulitoa mezani wala hakulijaza. Leo vile vile. Mzee Kanno akajishika tumbo, "Ah, nimeshiba mimi, uzee huu," akanisukumia lake. Sikuweza kulila. Nitabaki hapa hadi Agosti. Sasa kila picha naipiga kwanza, hata foleni iwe ndefu vipi.

Kuhusu Mama. Nimekasirika, sitaki kukuficha. Nimemcheka miaka yote hii. Nilimcheka hata kaburini, siku zile za kila mwaka za kuwapokea wafu wanaorudi nyumbani, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilisema, "Mama, leo umekumbuka kuja?" Wewe ulikuwa umeshika ndoo ya maji ya kuoshea kaburi. Ulinisikia, ukanyamaza.

Nina swali moja tu. Mimi nilikuwa mtoto, safari ile nakumbuka kaa na barafu ya sharubati. Uso wake kila nikiutafuta naona ule wa picha ya ukutani. Lakini asubuhi tulipoondoka ulikuwa dukani, na Mama alisimama mlangoni kukuaga. Alikuwaje usoni? Niandikie ulichokiona. Usiongeze.

Wakana


Kurayoshi, 7 Julai 2011

Wakana,

Natumai u mzima, na kwamba unakula, kwa bakuli lolote lile. Hapa mvua haijakatika.

Barua yako niliipata tarehe 24. Jibu nimelianza mara nyingi. Mara ya kwanza niliandika kwamba alikuwa anatabasamu. Nikachana, kwa sababu ulisema nisiongeze. Mara ya pili nikaandika kwamba alionekana amechoka, kisha nikaona nasema hivyo kwa kuwa najua yaliyofuata. Nikachana tena.

Juzi nilifungua chumba cha giza nikakaa humo, huenda nikakumbuka. Nimekumbuka mengi. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kulikuwa na mteja aliyesubiri picha za pasipoti, nami nilikuwa nazikata, na mkasi ulikuwa butu. Kengele ya mlango ililia. Wewe ukapiga kelele, "Baba, tunakwenda!" Naye akasema, "Haya, baba Wakana, sisi tumekwenda. Wali uko kwenye chungu." Nikajibu, "Haya."

Sikuinua kichwa, mwanangu. Najua alisimama pale kidogo, kwa sababu kengele ilichelewa kulia mara ya pili, mlango ulipofungwa. Mimi niliendelea kukata. Kamera alikuwa nayo, nikasema moyoni nitawaona kwenye picha.

Baba