Panga la Marehemu Baba

Kishanda, Muleba
Jumapili baada ya misa

Kaka Avit,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini kile kifua kimepona na wanafunzi wako huko Rwamishenye hawakutoi roho. Mimi mzima. Mama anatembea na anakula kidogo, ila kuongea ndiyo kazi.

Najua unasubiri habari za kibanja, shamba letu la migomba. Mnyauko ulipoingia, bwana shamba alituambia tung'oe migomba yote ya upande wa kaburi la Baba kabla ugonjwa haujasambaa. Mama akakataa, akasema mwenye kauli ni wewe uliyerithi, mimi ni wa kuolewa tu. Ndipo nikakupigia. Ukanifundisha neno la Kiingereza, "discernment", kwamba ni kupima jambo kwa makini kabla ya kuamua, na kwamba asili yake ni Kilatini, kuchekecha na kutenga. Ukasema tusikate kwa pupa, tuchague mmoja mmoja. Mama alifurahi mno, akasema kusomesha mtoto si hasara.

Basi tukachekecha. Mama alikata mgomba ulionyauka, akaenda kwa mzima akaupunguza majani, kisha mwingine, panga lile lile mkononi. Nilimsihi alipitishe motoni kuua ugonjwa, kama bwana shamba alivyotufundisha. Akasema panga la marehemu mumewe halichomwi. Kaka, kwenye chekeche makapi huonekana. Mgomba mgonjwa unaweza kusimama na mkungu mzuri, ukipasua ndizi ndani ni nyeusi. Uangalifu wetu ndio uliobeba ugonjwa hadi nyuma ya jiko. Nina hasira na neno lile, na wewe pia kidogo.

Kibanja kimekwisha. Tunakula mihogo ya shangazi Edvina.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni. Lilibaki shina moja, la pembeni mwa kaburi, Mama akilimwagilia kila asubuhi. Lilikuwa limeshaugua, na nyuki walitoka kwenye ua lake wakibeba ugonjwa kwenda kwa jirani yetu Renatha, ambaye migomba yake bado mizima. Juzi nililing'oa. Mama aliponikuta, ujasiri uliniishia, nikasema umeagiza wewe. Hakulia. Alisema ukija Krismasi ufikie kaburini ukamwombe Baba radhi, nyumbani kwake yeye Mama usifike.

Nakuomba usinikane Mama akikuuliza. Mimi ndiye ninayeishi naye, na neno la kwanza lilikuwa lako.

Msalimie wifi Evelyne na mtoto. Shangazi anawasalimu. Mama hakutuma salamu.

Mdogo wako,
Jovitha