Dua ya Mchumba Asiyekuja

Alhamisi, mtaani Bofu. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha. Nami ni vivyo hivyo, nimejaa, na kulia silii.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tukingoja washenga. Mchumba wangu, baharia niliyejuana naye mtandaoni, alisema anatuma wazee wake waje kuniposa. Mama alipika, ami zangu wakakaa ukumbini na kanzu zao za pasi, udi ukafukizwa. Hakuja mtu. Simu yake haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Ninaloona haya kulisema ni hili: mahari waliyokuwa waje nayo niliitoa mimi. Aliniambia mshahara umekwama, na mikono mitupu itamwaibisha mbele ya ami zangu. Nikauza bangili alizoniachia bibi, nikamtumia. Wallahi, mwanamke mzima nimejilipia mahari, na mume sikumpata.

Na nilimpenda.

Mama, ili kunikinga na maneno ya watu, akawaambia majirani kuwa mchumba anaumwa. Sasa kwetu huku mgonjwa haachwi hivi hivi. Leo baada ya alasiri wakaja wanawake wa mtaa na sukari zao mikononi, na maalim, wamsomee dua. Nikakaa pembeni ya mkeka nikiwatazama wanavyomhurumia.

Maalim akaniuliza jina la mgonjwa na jina la mamake, maana ndivyo aombewavyo mtu.

Najua chai yake haitii sukari, lakini kazaliwa na nani sijui. Hata jina nililokuwa nikimwita huenda si lake.

Mama ndiye aliyejibu, taratibu tu: "Maalim, mgonjwa ni Rukia, mwana wa Mwanasha. Ni huyu hapa."

Rukia ni mimi. Mwanasha ni yeye.

Bi Mkasi, jirani ninayemkwepa wiki nzima kwa kuogopa ulimi wake, akasogea akanishika mkono pale zilipokuwa bangili. Wakasoma. Nikalia, na amina nikaitikia pamoja nao.

Kesho nitakwenda dukani mchana, si kwa kujificha. Mtu akiniuliza mgonjwa anaendeleaje, nitamwambia hajambo kidogo.